Maswali ya Mafundi: Mashimo ya Flanji Yanakataa Bolti

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina karakana ndogo hapa Kibuye, Kisumu. Nimefunga meza ya kuzunguka kwenye drili ya stendi, ile yenye hendeli za kuisogeza mbele-nyuma na kushoto-kulia pia. Natoboa flanji (sahani za chuma za kuungia bomba kwa bolti) za pampu za wakulima wa Ahero: mashimo 6 ya milimita 13 kwenye duara la kipenyo cha milimita 120. Nafasi kati ya mashimo ni sawasawa, lakini duara lenyewe mara linatoka 123, mara 117. Je, meza ni mbovu?

JIBU: Meza yako ni nzima, fundi. Nafasi zikiwa sawa, gia ya kuzungusha haina neno. Kilichopotea ni senta, yaani katikati ya meza haiko tena chini kabisa ya ncha ya drili, na mshukiwa wetu ni nguzo ya drili.

Nguzo za drili nyingi ni za mviringo. Ukilegeza ili ushushe meza biti ndefu ipate kuingia, meza hujigeuza kidogo kwenye nguzo, na senta uliyotafuta kabla ya hapo, pengine kwa pini fupi, inahama. Kuhama milimita 1.5 tu kwaongeza au kupunguza kipenyo kwa milimita 3. Kwa hiyo funga kwanza biti ndefu kuliko zote, weka flanji na vipande vya kuiinua, pata kimo, kaza nguzo. Usiiguse tena hadi kazi iishe.

Ndipo utafute senta. Funga kwenye drili fimbo iliyokerezwa itoshe tundu la katikati ya meza bila kucheza, uishushe huku ukisogeza hendeli mpaka iingie yenyewe bila kusukumwa. Flanji nayo iketi kwenye plagi ya ngazi mbili: ngazi ya chini iingie tundu la meza, ya juu iingie tundu la flanji. Ukiikadiria kwa macho, duara litakuwa na kipimo sahihi lakini litaelemea upande mmoja.

Sasa sogeza meza milimita 60, nusu ya kipenyo. Skrubu ya hendeli inayosogeza milimita 2 kwa mzunguko inataka mizunguko 30. Nati ya skrubu haikosi kucheza, basi fikia senta ukielekea upande uleule utakaoendelea nao. Ukipitiliza, rudi mzunguko mzima kisha uje upya. Funga kufuli ya kuzuia meza isisogee.

Kuzungusha ni digrii 60 kila shimo. Gia ya 90 kwa 1 (hendeli mara 90, meza mara moja) ni mizunguko 15 ya hendeli. Ya 72 kwa 1 ni 12. Hapa pia nenda upande mmoja tu, na ufunge meza kabla ya kutoboa.

Anza kwa biti ya senta, vidoti tu, vyote sita. Zungusha mara moja zaidi: ncha irudi ndani ya kidoti cha kwanza. Pima kidoti hadi jirani yake. Kwa mashimo 6 lazima iwe milimita 60, sawa na nusu kipenyo. Ikikataa, hujaharibu chuma bado. Halafu biti ya milimita 6, kisha ya 13 kwa mizunguko kama 600 kwa dakika, na oili.

SWALI: Meza hiyo yaweza kuchonga mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachozuia puli kuteleza) kwenye shafti kwa kutumia drili? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Tusingethubutu. Kwenye drili nyingi kishika-biti kimenasa kwa umbo la koni tu, hakuna bolti inayokivuta kwa juu. Kikisukumwa kwa ubavu na kutetemeka, huchomoka kikiwa bado kinazunguka. Toboa vishimo vinavyofuatana kwenye mstari, umalizie kwa tindo na tupa.