Mtoto anayelilia kwao akiwa Uswidi: je, ni udhaifu wa imani?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina watoto wawili, mvulana wa miaka sita na msichana wa miaka minne. Mwaka jana tulitoka Tanga tukamfuata baba yao Göteborg, Uswidi. Mwanangu mkubwa alikuwa mchangamfu sana chuoni (madrasa), lakini huku shuleni hasemi neno, usiku anakojoa kitandani, na kila siku anamwulizia bibi yake. Ndugu anayetusomesha darsa amemwambia mume wangu kwamba kulilia nchi ni udhaifu wa imani, kwamba ni haramu watoto wetu kucheza na watoto wa makafiri, na kwamba tumtoe shule asome nyumbani. Sasa mume wangu anamchapa akitamka neno la Kiswidi nyumbani. Je, napata dhambi nikimwacha acheze na wenzake? Na nifanye nini anapolia?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, hupati dhambi yoyote kwa kumwacha mwanao acheze, na machozi yake hayana uhusiano wowote na udhaifu wa imani. Swali lako limenihuzunisha, kwa sababu mtoto ambaye kalamu haijaanza kumwandikia anabebeshwa hukumu ambayo hata Masahaba wakubwa hawakubebeshwa.

Muhajirina, yaani Waislamu waliohama kutoka Makka, walipofika Madina walishikwa na homa, na Bilal (r.a.), ambaye Makka ndiko alikoteswa juu ya mchanga wa moto, alikuwa homa ikimwachia anapaza sauti kwa mashairi ya kutamani kulala tena usiku mmoja katika bonde la Makka. Bibi Aisha (r.a.) alimpelekea Mtume (s.a.w.) habari hiyo, naye hakumkemea wala hakutilia shaka imani ya mtu. Aliomba dua: Ewe Mola, tupendezeshe Madina kama tunavyoipenda Makka au zaidi. Hadithi hii iko kwa Bukhari. Ikiwa Bilal alililia mji uliomtesa, mtoto wa miaka sita anayemlilia bibi aliyemlea amekosa nini?

Huyo ndugu wa darsa nadhani anategemea hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) yuko mbali na kila Muislamu anayekaa baina ya washirikina. Kabla ya kuitumia kumtia mama hofu, ilimpasa aisome yote. Kwanza, Tirmidhi mwenyewe amenukuu kutoka kwa Bukhari kwamba iliyo sahihi ni ile iliyopokewa mursal, yaani isiyomtaja Sahaba. Pili, ilisemwa kuhusu kikosi kilichopelekwa kwa kabila la Khath'am wakati wa vita, ambapo watu waliokuwa wakisujudu waliuawa kwa kutotambulika. Ni wapi hapo palipotajwa watoto wanaofukuzana uwanjani wakati wa mapumziko? Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, kwamba Yeye hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa na kijana wa Kiyahudi akimhudumia, na alipougua alikwenda kumtazama na kuketi karibu na kichwa chake. Anayeharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu asidhani kwamba ukali wake ni uchamungu.

Tena dini yetu haikuanza kulea watoto ugenini leo. Masahaba walihamia Uhabeshi katika mwaka wa tano wa utume, wakakaa chini ya mfalme Mkristo, na huko walizaa na kulea. Huko ndiko alikozaliwa Abdullah bin Ja'far, na huko ndiko alikozaliwa Umm Khalid binti ya Khalid bin Said. Umm Khalid aliporejea alikuwa bado mdogo. Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimsifia nguo yake kwa lugha ya Kihabeshi, "sanah, sanah", yaani nzuri, nzuri. Mtoto akawa anachezea muhuri wa utume, ile alama iliyokuwa mgongoni mwa Mtume (s.a.w.), baba yake akamkemea, na Mtume (s.a.w.) akasema: mwache. Mume wako aipime fimbo yake kwa hadithi hii. Mtume wa Mwenyezi Mungu alimpokea mtoto kwa lugha ya nchi aliyolelewa, naye anamchapa wake kwa hiyo hiyo?

Wala asitafute hoja katika hadithi ya kuamrisha swala, kwani hiyo inataja amri akiwa na miaka saba na kuadhibu akiwa na kumi, na inahusu swala, si Kiswidi. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga yeyote kwa mkono wake isipokuwa akiwa katika jihadi. Juu ya hayo, Uswidi imekataza kuchapa watoto tangu 1979, na shule ni lazima kuanzia mwaka mtoto anapotimiza miaka sita, wala kusomea nyumbani hakuruhusiwi ila kwa hali za pekee sana. Tumeingia katika nchi ya watu kwa ahadi, na ahadi hutekelezwa.

Sasa kuhusu mwanao. Amezoea jua linalozama kila siku kwa saa ile ile, na huko Göteborg mwezi wa Desemba linachomoza karibu na saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mtoto aliyezoea kwenda chuoni jua likiwaka anatoka shule gizani, halafu mnashangaa amenyamaza! Weka wakati maalumu wa kuzungumza na bibi yake kwa simu, wakati usiovunjwa. Akilia, mpakate, umwambie kwamba nawe unamkumbuka bibi, kwa sababu mtoto anayemwona mama yake naye anakumbuka huacha kuona haya. Kabla ya kulala mkinge kwa maneno aliyowakingia Mtume (s.a.w.) Hasan na Husein: A'udhu bikalimatillahi ttaammah. Shuka ikilowa, ibadilishe kimya kimya, na dada yake asisikie.

Kiswahili kihifadhini kwa hadithi za jioni na mapenzi, kwa kuwa kikifungamanishwa na fimbo atakichukia. Sheria ya huko inampa mtoto haki ya kufundishwa lugha ya nyumbani shuleni, iwapo wapatikana wanafunzi watano katika manispaa na mwalimu anayefaa. Basi zitafuteni familia nyingine za Waswahili mwombe pamoja. Waelezeni pia walimu kwamba hali nguruwe, na mwalike mwenzake mmoja wa darasani aje kula maandazi kwenu, maana rafiki mmoja atamfungua kinywa kuliko mawaidha yetu sote.

Ukimya na kukojoa kitandani vikiendelea, zungumza na muuguzi wa shule bila kuona aibu, kwani kutafuta tiba ni katika maamrisho ya Mtume (s.a.w.). Jibu hili msomee mume wako kwa upole, wakati mtoto amelala, na ikiwa ndugu wa darsa ana dalili nyingine, aniletee mimi, asimpelekee mtoto.

Wallahu aalam.