Kobe akinasa wavuni, weka panga chini

Nimezaliwa Panyimur, Uganda, kando ya Ziwa Albert, na bahari niliisikia tu mpaka nilipokwenda Watamu, pwani ya Kenya, kutafuta ubaharia. Juzi hapa Wanseko, kwenye ziwa hilo hilo, nimewakuta vijana wamempasua kichwa kobe wa maji, yule wa ganda laini anayeishi humu ziwani na mtoni Nile, kisa katoboa wavu. Siwalaumu sana. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Alfajiri moja kule Watamu tulikuwa tunavuta jarife, ule wavu wa macho makubwa wa kutegea papa. Akapanda kasa, nyuzi zimemzonga mikono, shingo imelegea kama kitambaa. Nikamshika nimgeuze chali, maji yamtoke. Nahodha akanipigia kelele: "We mbara, muache hapo!" Akamlaza kifudifudi, sehemu ya nyuma akaiinua juu ya rundo la kamba, karibu shubiri nzima. Akamtandika kanga mbichi mgongoni, pua ikabaki wazi, na kumsogeza kwenye kivuli cha tanga. Kisha tukaendelea na kazi zetu. Jua likiwa utosini nikasikia psss, kama mpira wa baiskeli unaotoa upepo. Kasa alikuwa amevuta pumzi.

Kumbe kasa ana mapafu kama sisi. Akihangaika wavuni bila kupanda juu, anaweza kuzama na kufa hata saa moja haijaisha. Ndiyo maana ukimpata amelegea usimrudishe majini haraka haraka, atazama tu. Mguse kando ya jicho. Akipepesa, yu hai. Asipopepesa, bado mpe muda. Wanaozijua kazi hizi husubiri hata saa 24 kabla ya kukata tamaa.

Hapa kwetu shida kubwa ni mazoea. Tunatega jioni, tunarudi mwaloni kulala, tunaopoa asubuhi. Usiku kucha samaki walionasa wanakufa na kuanza kulainika, na kobe wa ganda laini anapenda samaki wa bure. Anakuja kula, ananasa. Kwa maneno mengine, wavu uliotelekezwa ni chambo. Mimi sasa nalala ndani ya boti karibu na vielea vyangu na kuopoa mara ya kwanza saa sita usiku. Ndiyo, baridi inauma, na baria wangu, kijana ninayevua naye, hunung'unika kila siku. Lakini sangara anatoka akiwa mgumu, macho yanang'aa, na mnunuzi hana la kushusha bei. Midomo ya mito na kwenye matete pia nimeacha kutega, maana huko kobe ni wengi.

Kuna mbinu nyingine ya taa. Nchini Peru walifunga taa ndogo za kijani kwenye nyavu za kutegea, na kasa walionasa wakapungua kwa takriban asilimia 64, samaki waliokusudiwa wakibaki vile vile. Majaribio hayo ni ya baharini na kasa wa kule, lakini wavuvi wetu wa muziri na ragoge, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, wana taa tayari, wanaweza kujaribu kwenye kipande kimoja cha wavu na kulinganisha na kingine. Zile fremu za vyuma za kumtolea kasa nje ni za meli zinazokokota nyavu za kuvulia kambamiti. Boti zetu hazihusiki.

Sasa umempata, na ni mzima, na amekasirika. Huyu wetu ana shingo ndefu kuliko unavyodhani, anageuka na kukung'ata ukiwa umemshika ubavuni. Mfunike kichwa kwa gunia lililoloa, mshike nyuma kabisa ya ganda, mwenzako akate nyuzi. Usivute kwa nguvu, utamkata mguu na bado wavu utachanika. Nyuzi tatu nne zinatosha, na kushona tundu hilo ni kazi ya muda wa kunywa chai. Zima mashine kwanza, hakikisha hakuna wavu ubavuni mwa boti, ndipo umteremshe taratibu.

Gunia na kisu kidogo cha kazi hiyo nimevifunga kwa kamba chini ya kiti cha nyuma. Nyinyi mnaoazima boti yangu, kisu hicho si cha vitunguu.