Pochi ya bitcoin inakula mega, na anwani haitulii

SWALI: Wahariri, salamu kutoka Kadutu, Bukavu. Niliporudisha pochi yangu ya bitcoin kwenye simu mpya, mega zote ziliisha usiku mmoja. Tena kila nikipokea pesa, anwani inabadilika. Ile niliyompa shemeji aliye Goma bado inafaa?

JIBU: Inafaa, shemeji aitumie bila wasiwasi. Maneno yako 12 ya siri, yale ya kurudishia pochi, huzaa anwani nyingi mno, na zote ni zako. Pochi hukuletea mpya kwa sababu daftari la bitcoin liko wazi kwa kila mtu: ukitumia moja daima, yeyote aliye nayo anaweza kujumlisha mapato yako.

Sasa mega. Pochi inayojiunga yenyewe na mtandao wa bitcoin hupakua kichwa (muhtasari mfupi) cha kila bloku, yaani kila fungu la miamala katika daftari hilo. Kimoja ni baiti 80, na kwa siku huja takriban 144; hazifiki kilobaiti 12. Hilo si kitu. Kinacholemea ni kutafuta miamala yako katika bloku za nyuma. Inaelekea hukuweka tarehe ya kuundwa kwa pochi, nayo ikaanza mbali mno. Andika tarehe hiyo kwenye karatasi ileile ya maneno 12 (karatasi, si picha ya simu!), na urudishe pochi penye waifai tu.

Kisha nenda Mipangilio, Programu, chagua pochi, uzime data ya chinichini. Malipo yataonekana ukiifungua. Hayapotei, kwani hayakai ndani ya simu.