Perege wa Rutamba hawajahama, wanachanganyika

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa Rutamba, Lindi. Nanunua perege kwa wavuvi wa ziwani, nawabanika na kuwapeleka Lindi mjini. Kazi hii nimeirithi kwa mama yangu. Miaka ya karibuni samaki wamebadilika. Wapo wakubwa wenye mistari mkiani, watu wanawaita sato. Wapo wale wetu wa zamani, wadogo, mkia hauna mistari. Na sasa wapo wasioeleweka, si huyu si yule. Wavuvi wengine wanasema wa zamani wamekimbilia kilindini, wengine wanasema ni samaki yuleyule ila amenenepa. Kaka yangu amechimba bwawa, anataka kununua vifaranga Dar es Salaam, nusu aweke bwawani na nusu amwage ziwani ili ziwa lijae. Ni sawa? Na perege wetu wamekwenda wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na kaka yako maana jambo lake haliwezi kusubiri: asimwage ziwani hata kifaranga mmoja. Mwambie leo, kabla hajalipa nauli. Kupandikiza samaki kwenye maji ya asili kunahitaji kibali cha mamlaka ya uvuvi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo ningemwomba vilevile, na nitakueleza kwa nini.

Samaki unaowaona ni wa aina mbili, na hao wa tatu ni watoto wao. Sato ni mgeni kwenu. Asili yake ni bonde la mto Naili na baadhi ya maziwa makubwa ya Afrika, na ndiye anayependwa na wafugaji kwa kuwa anakua haraka na anaweza kupita nusu mita kwa urefu. Yule mdogo wa kwenu wanasayansi wanamwita Oreochromis korogwe, jina lililotokana na Korogwe ya Tanga ambako alitambuliwa kwanza. Kwa miaka mingi ilidhaniwa anaishi huko kaskazini tu. Kati ya 2013 na 2016 watafiti wa hapa nchini na wenzao wa Uingereza walimkuta kusini, katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa.

Swali likawa, je, kuna mtu aliyemleta kutoka Tanga? Wakapima vinasaba. Wakalinganisha samaki wa Lindi na wale wa mto Zigi na bwawa la Mlingano kule Tanga, wakakadiria kwamba pande hizi mbili zilitengana yapata miaka 140,000 iliyopita. Kwa hiyo hakuna babu wa mtu aliyembeba kwenye ndoo. Huyo perege aliyekuwa kwenye tenga la mama yako ni wa huko kwenu, na ukimpoteza huwezi kwenda Tanga ukaleta mwingine kama yeye.

Utafiti huohuo ndio ulionipa jibu la swali lako la pili, na sikufurahi kuusoma. Katika maziwa yote matatu walikutwa samaki machotara wa perege huyo na sato. Basi hao wasioeleweka unaowaona, mwanangu, macho yako hayakudanganyi.

Habari ya kukimbilia kilindini siikubali. Perege dume huchimba kiota chake kwenye maji mafupi, karibu na ukingo; umewahi kuona vile vishimo vya mviringo kama sahani, maji yakiwa safi. Jike hutaga pale, kisha huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni, na hata vifaranga wakishaanguliwa huendelea kuwakumbatia humo kwa siku kadhaa. Samaki wa maisha ya namna hiyo anahitaji ukingo. Hawezi kuhamia kilindini akaendelea kuzaa.

Tatizo linaanzia hapohapo kwenye kiota. Sato na perege wenu ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wakipandana huzaa watoto wazima, na watoto hao nao huzaa. Chotara wa kwanza ana nusu ya damu ya sato. Akipandana na perege wa asili, mtoto anabaki na robo. Kizazi kinachofuata, thumuni. Hapo sura inakuwa imerudi ya kizamani, mkia umekuwa wa kizamani, mvuvi anasema "huyu ndiye wa kwetu", kumbe damu ya mgeni imo. Samaki akivuliwa kupita kiasi utajua, maana nyavu zinarudi tupu. Huyu anaweza kwisha nyavu zikiwa zimejaa.

Ziwa Victoria ni somo la karibu. Sato aliingizwa kule miaka ya 1950. Wenyeji walikuwa na ngege na mbiru, samaki waliolisha kanda nzima. Leo ngege katika ziwa kubwa lenyewe ni kama hayupo. Amebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni. Sangara naye alichangia, na uvuvi pia, simtwishi sato mzigo wote. Lakini Rutamba ni ziwa dogo. Halina maziwa ya pembeni ya kutosha kumficha mtu.

Najua utasema sato ni mkubwa na anauzika. Ni kweli, wala sikuombi ukatae kumnunua. Mnunue, mbanike, muuze wote, maana kila sato anayetoka ziwani ni nafuu. Chotara naye ni chakula salama kabisa. Mvuvi asiwarudishe majini kwa kuwaonea huruma. Nyavu za macho madogo na makokoro ya kukwangua ukingo ni shauri jingine. Hayo yanavunja viota na kuondoa vifaranga wa asili pamoja na wageni, kwa hiyo hayasaidii.

Tena samaki wadogo wa asili wana thamani ambayo haionekani sokoni. Mtaalamu wa samaki aitwaye Hickling alionyesha mwaka 1960 kwamba perege aliyetoka Zanzibar, dume, akipandishwa na jike wa aina nyingine ya perege, watoto wanatoka karibu wote madume, na madume ndio wanaokua haraka bwawani. Ugunduzi ule ulinufaisha wafugaji wa nchi za mbali, na ulitokana na samaki wa pwani yetu ambaye hakuna aliyekuwa akimjali.

Kaka yako bado anaweza kufuga. Ila bwawa liwe mbali na mkondo unaoingia ziwani, tuta lipande juu ya alama ya mafuriko makubwa anayoyakumbuka, na bomba la kutolea maji lifungwe wavu wa macho madogo. Akiambiwa vifaranga ni "madume tupu", asijiamini sana, kwa kuwa ile dawa ya kugeuza vifaranga majike kuwa madume haifikii wote. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu kule Kilwa. Tuta la udongo la bwawa la nyumbani lingefanya nini? Na akivuna, vifaranga wanaobaki waliwe au wakaushwe. Ziwani hapana.

Sasa wewe. Unashika samaki wengi kwa siku kuliko mtafiti yeyote, kwa hiyo nisaidie. Kabla hujampasua, mpanue mkia kama upepeo na uuinue kwenye mwanga wa asubuhi. Sato ana mistari myembamba ya kusimama, imepangika sawasawa kutoka shina la mkia hadi ukingoni. Ukikuta mistari imekatikakatika au imefifia, muweke kando kama mtu wa kushukiwa. Ni dokezo tu, kwa sababu uhakika unatoka kwenye vinasaba.

Mpige picha ubavuni, mapezi yakiwa yamepanuliwa, rula ikiwa pembeni. Kisha kata kipande cha pezi kama ukucha wa kidole kidogo, ukitie kwenye kichupa cha spiriti kali. Usitumie formalini, inaharibu vinasaba. Osha mkasi kabla ya samaki mwingine. Andika kwa penseli kwenye karatasi ndogo tarehe na upande wa ziwa alikovuliwa, uitumbukize ndani ya kichupa, kwani wino unayeyuka kwenye spiriti. Ukifikisha ishirini, peleka kwa afisa uvuvi wa wilaya na umwombe aviwasilishe TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Na wale wenye mkia mtupu usiwaache nje ya hesabu, anza nao hao.