Unaniuliza programu, mimi nakuuliza umefuta nini

Wiki iliyopita dada mmoja anayenisoma hapa alinitumia picha ya mlango wa Mji Mkongwe aliyoigeuza kuwa mchoro wa rangi za maji. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, unatumia programu gani? Mimi nikipeleka zangu hotelini wanaziangalia, wanasema asante, wananirudishia."

Nikaifungua kwenye kompyuta, nikaivuta mpaka juu ya mlango. Pale kwenye ubao wa nakshi, palipokuwa na maandishi ya Kiarabu, programu ilikuwa imeacha kitu kama njia za mchwa. Mtalii anaweza asione chochote. Lakini meneja wa hoteli aliyekulia Zanzibar na kusoma chuo cha Kurani utotoni anaiona aya iliyopondwa, na hawezi kuitundika mapokezi. Nadhani hakumwambia kwa sababu ya adabu tu.

Basi nimeona nilijibu swali hilo hapa, maana naulizwa na wengi. Na mwezi huu nina raha zangu: nyumba moja ya wageni huko Zanzibar imenipa oda ya picha za vyumba vyake vyote, na advansi imeshaingia. Mniwie radhi nikijisifu, nimeisubiri oda ya namna hii kwa muda mrefu sana.

Niseme kwanza jambo ambalo baadhi ya wachoraji hawapendi kulisikia. Mimi sianzi na karatasi tupu. Naanza na picha niliyoipiga mwenyewe safarini, mara nyingi kwa simu, naifanyia kazi kwenye kompyuta, naichapa kwenye karatasi ya pamba, halafu namalizia kwa brashi na rangi halisi. Sijawahi kumficha mteja. Kuna mchoraji mmoja aliwahi kusimama mbele ya meza yangu kwenye maonyesho akasema kwa sauti, watu wanasikia, "Hii ni filta tu." Akaondoka zake. Sikumjibu, na mpaka leo kuna usiku najibu peke yangu kitandani.

Jibu lenyewe ni hili. Filta, yaani kubofya tu programu ikugeuzie picha, ni dakika mbili. Ninayoifanya mimi ni kazi ya jioni kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufuta.

Programu zipo nyingi: Photoshop kwa mwenye hela, GIMP na Krita bure kabisa, Waterlogue kwa wenye iPhone. Nimezipitia. Ukiziangalia kwa karibu zinafanya mambo yanayofanana: zinaunganisha rangi zinazokaribiana kuwa doa moja, zinalainisha kingo, zinatia giza kidogo pembezoni mwa doa ili lionekane kama maji yamekaukia pale. Filta zake hazijui hili ni dirisha na ule ni waya wa umeme.

Mchoraji wa rangi za maji anajua. Yeye kwa kawaida hategemei rangi nyeupe. Weupe wake ni karatasi aliyoiacha bila kuigusa. Kwa hiyo kabla hajachovya brashi ameshaamua mwanga ukae wapi. Anaanza na rangi nyepesi, anamalizia na nzito, na nzito ikishakaa hakuna kurudi nyuma. Sasa picha ya simu haijaamua lolote. Imebeba ukuta, kiyoyozi, dishi, pikipiki na ndoo ya mtu, vyote kwa uzito mmoja. Ukiitia kwenye programu hivyohivyo unapata fujo ileile, ila sasa imelowa.

Nitoe mfano wa picha moja tu, ya kichochoro cha Hurumzi. Kushoto ukuta uliobanduka chokaa, mawe ya matumbawe yanachungulia. Kulia roshani ya mbao. Juu kipande chembamba cha mbingu kilichokatwakatwa na nyaya, na mwisho wa njia mzee amekaa barazani. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzisimamisha kuta. Ukiinua simu kupiga jengo refu, kuta zinaegemeana kwa juu. Kwenye picha jicho linasamehe, kwenye mchoro jengo linaonekana linadondoka. Halafu nikafuta nyaya. Mmoja niliuacha, kwa sababu kichochoro cha Mji Mkongwe kisicho na waya hata mmoja ni uongo.

Baada ya hapo niliigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, nikakunja macho kuitazama. Nilitaka nione sehemu tatu tu: palipo na mwanga, pa katikati, na penye giza. Kama hazionekani, picha hiyo haitakuwa mchoro hata uinunulie programu zote za Ulaya. Zilipoonekana ndipo nikaleta filta, tena vipande vipande: nzito kwenye ukuta na mbingu, kidogo kwenye roshani. Mzee wa barazani sikumpitishia filta kabisa. Nilimchora upya kwa madoa machache, uso hautambuliki, na kanzu yake ni karatasi tupu. Watu wakiiona picha ile wanaelekea kwenye kanzu moja kwa moja. Hakuna rangi pale hata tone.

Sasa milango, maana ndiyo mnayoipenda wote. Ile tunayoiita ya Kihindi imejikunja juu kama tao na ina misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka. Ya Kiarabu ya zamani imenyooka juu, na ubao wake wa juu umechongwa, mingine kwa maandishi ya Kurani. Pembeni kuna mnyororo, mayungiyungi, samaki, na katikati unasimama mfaa, ule mti wa kati ya mbao mbili za mlango. Hivi vyote fundi alivichonga kwa patasi, na programu inavila vyote kwa sekunde. Maandishi usiyaachie programu hata siku moja. Ama uyarudishe kutoka kwenye picha halisi na kuyapitia herufi kwa herufi kwa brashi ndogo, na umwombe anayesoma Kiarabu ayakague, ama upige mlango ubao ukiwa kivulini kabisa, ili pasiwe na cha kusomwa. Kivuli kina adabu kuliko mavurugo.

Hizi programu mpya za akili mnemba (AI) ndizo za kuogopa zaidi. Zinaongeza tao ambalo halikuwepo, zinapunguza dirisha, zinaandika Kiarabu kisichosomeka na mtu yeyote duniani. Picha inatoka nzuri mno. Halafu anakuja mtu aliyezaliwa kwenye nyumba hiyo.

Kuhusu mwanga nitasema kidogo. Mji wa Lamu umeelekeza uso mashariki, unatazamana na kisiwa cha Manda, kwa hiyo asubuhi ndiyo yake. Forodhani ya Unguja inatazama magharibi, nenda kuanzia saa kumi jioni. Vichochoroni jua la asubuhi halifiki chini. Subiri saa tano hivi, likimwagika kwenye ukuta mmoja na kuurudishia mwanga ukuta wa pili. Saa saba mchana mahali pa wazi, weka simu mfukoni ukale.

Kilichonibadilisha kwenye kazi hii ni Kilwa Kisiwani, magofu ya mji wa kale kusini mwa Tanzania. Unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa mashua, na baada ya muda mfupi umesimama ndani ya Msikiti Mkuu, matao na kuba juu ya kichwa chako, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Husuni Kubwa, gofu la kasri, iko kwenye mwamba juu ya bahari, na birika lake la pembe nane bado unalitambua umbo. UNESCO iliyaweka magofu hayo na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Nilipiga picha kama mwendawazimu. Nyumbani nikazitia kwenye programu, na kila gofu likatoka kama ukuta wa saruji.

Tatizo ni kijivu. Matumbawe ya zamani hayana kijivu kimoja. Yana waridi ndani, yana manjano palipoota kuvu, yana buluu upande wa kivuli. Kamera inayaona kidogo, programu inayaunganisha kuwa doa moja, basi yamekufa. Tangu siku hiyo kivuli cha magofu nakiweka kwa mkono baada ya kuchapa: buluu nzito na kahawia ya kutu, zikutane kwenye karatasi iliyoloa, zichanganyike zenyewe. Rangi nyeusi ya chupa siitumii.

Nina picha nyingine, ya Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, niliyoipiga kutoka Forodhani bila kufikiri sana. Jumba la Sultan Barghash, la 1883, kila mtu anayo. Halafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka na watu wawili wakafariki. Picha ile sasa ndiyo inaulizwa kuliko zote nilizonazo. Nimeichora na nguzo zake zote kama zilivyokuwa, na nyuma ya kila nakala naandika mwaka wa kupigwa. Ndugu zangu, mnaposafiri pigeni majengo mliyoyazoea, msikimbilie machweo peke yake. Machweo yatakuwepo kesho.

Sasa la biashara, na hapa nitasema kwa uchungu. Hoteli moja ya ufukweni, siitaji, iliniomba sampuli. Nikawatumia. Wakasema bodi inakaa, wakasema bajeti, wakanyamaza. Siku moja naingia pale kumsindikiza mgeni, nakutana na mchoro wangu ukutani, umekuzwa ukubwa wa mlango, sahihi yangu imekatwa, na umepasukapasuka vijiboksi kwa sababu waliuchukua kutoka kwenye ile sampuli. Nilipouliza, yule wa mapokezi aliniambia huo ni mchoro wa msanii wa Italia. Nilicheka, nikanywa soda, nikaondoka.

Kwa hiyo sampuli itoke ndogo, pikseli (vile vidoa vinavyounda picha) elfu moja upande mrefu zinatosha kuonyesha, na sahihi ikae katikati ya kazi, siyo pembeni inapokatika. Faili kubwa linatoka baada ya hela. Msione haya kudai advansi; fundi seremala anadai, fundi nguo anadai, wewe una tofauti gani? Tena heshima ya kazi inaanza kwako. Ukiigawa bure kwa ahadi ya "tutakutangaza", usishangae ikitangazwa kwa jina la mwingine.

Kwenye kuchapa: A4 inataka pikseli 2480 kwa 3508 ili itoke safi, na A3 inataka 3508 kwa 4961. Picha ya safari usihamishe kwa WhatsApp kama picha, inaminywa; itume kama dokumenti. Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye mparuzo wake, ule ukwaru wa uso, na kwa hiyo ule mparuzo wa bandia kwenye programu uzime, la sivyo unapata mparuzo juu ya mparuzo. Muulize mchapaji kama wino wake unastahimili maji. Akisema ndiyo, lowesha kidole, sugua kona ya karatasi ya majaribio. Ukitiririka, usiguse kazi hiyo kwa brashi.

Mwisho ni fremu, na kwa sisi wa pwani hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Hewa yetu ina unyevu. Karatasi ikigusana na kioo inanata, inaota ukungu, na baada ya misimu michache mteja anakupigia. Lazima pawe na ukingo wa kadibodi kuzunguka picha ili kioo kisiguse. Fundi fremu atakwambia ni kupoteza kadibodi, wateja wake wengine hawaweki. Mlipe, vuta kiti, kaa hapo mpaka aikate.