Maua ya Kudumu Yanayostahimili Jua na Ukame: Majibu kwa Maswali Yenu

Bwana shamba, nina bogenvilia mbili langoni hapa Dodoma, nilizopanda miaka mitatu iliyopita. Nazimwagilia kila jioni na kuziwekea samadi kila mwezi, lakini ni majani matupu. Jirani yangu hamwagilii kabisa, na ukuta wake umejaa maua. Kosa liko wapi?

Kosa liko katika hiyo ndoo ya jioni na hiyo samadi ya kila mwezi. Bogenvilia ni mmea wa Amerika ya Kusini, uliopewa jina la baharia Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake uliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, na tabia yake ni kuchanua unapobanwa na ukavu. Ukipata maji tele na naitrojeni nyingi ya samadi, hauna sababu ya kuchanua. Hutoa majani mapana na matawi marefu yenye miiba.

Acha samadi mpaka mvua zijazo, kisha mwagilia pale tu majani ya nchani yanapoonekana yamelegea asubuhi, kabla jua halijapanda, kwa sababu mmea uliolegea saa nane mchana mara nyingi hujirekebisha wenyewe jioni. Ukifika wakati huo, upe ndoo moja ya lita 20 polepole hadi maji yazame chini, halafu uuache. Maua yakishapukutika, pogoa matawi yaliyochanua kwa theluthi moja, kwa kuwa maua mapya hutokea kwenye machipukizi mapya. Ukitazama kwa karibu utaona kwamba ile rangi inayotuvutia ni majani matatu yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kimrija chembamba cheupe katikati yake.

Kuhusu jirani, mizizi ya mimea yake imekwisha kushuka chini, ndiyo maana hamwagilii. Sidhani kama naye hakumwagilia mwaka wa kwanza. Mmea wowote unaostahimili ukame huhitaji kusaidiwa katika kiangazi chake cha kwanza, na kwa Dodoma, ambako mvua za msimu mmoja huanza kama Desemba na kwisha Aprili, apandaye Desemba huwa amepunguza kazi yake kwa kiasi kikubwa.

Adeniamu yangu ya kwenye chungu imepukutisha majani yote mwezi Julai. Nimeiongezea maji lakini haibadiliki. Je, imekufa?

Ibonyeze shina lake nene kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, mmea uko hai na umelala tu, kwa sababu adeniamu, ambayo wengine huiita waridi la jangwani, hupumzika majira ya baridi na ukavu na kuishi kwa maji iliyoyahifadhi shinani. Likiwa laini na lenye harufu mbaya, limeanza kuoza, na aghalabu kilicholiozesha ni hayo maji uliyoongeza kwa huruma. Katika hali hiyo ing'oe, kata sehemu yote iliyooza kwa kisu safi mpaka ukutane na nyama nyeupe, iache kivulini ikauke kidonda kwa wiki moja au mbili, kisha ipande upya katika mchanga mkubwa uliochanganywa na mboji kidogo, ndani ya chungu chenye tundu chini. Usimwagilie mpaka majani mapya yatokeze.

Vaa glavu unapokata. Utomvu wa adeniamu una sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hutengeneza sumu ya mishale kutokana na mimea ya jamii hii. Chungu hicho kisikae mahali ambapo watoto au mbuzi wanafika.

Ninaishi Kitengela, na ardhi yangu ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Nipande maua gani?

Kabla ya kuuliza maua, shughulikia udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, na uangalie saa chache baadaye. Maji yakiwa bado yamesimama, hata mmea mgumu kiasi gani utaoza mizizi wakati wa masika, na kiangazi kikifika nyufa zitakata mizizi iliyosalia. Inua tuta lenye kimo cha sentimita 30, ukichanganya udongo huo na mchanga mkubwa na mboji, kisha utandaze nyasi kavu au kokoto juu yake.

Kwenye tuta hilo nakushauri uanze na shubiri za kienyeji zenye maua mekundu, ambazo ndege chozi huzijia kila asubuhi, pamoja na plambago, kichaka chenye maua ya buluu, na gazania, mmea mfupi wenye maua kama alizeti ndogo, kutoka Afrika Kusini. Shubiri zinunuliwe kitaluni, zisichimbwe porini. Vinka pia hustawi, yaani lile ua la rangi ya waridi au jeupe linalomea hata kwenye nyufa za sakafu, mradi tu lisimwagiliwe kila siku.

Je, lantana, kile kichaka chenye vijiua vya rangi mchanganyiko, inafaa kuwa uzio wa kuzungukia nyumba? Haihitaji maji.

Hapana. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu hadi malishoni, ambako huziba nyasi na kuwadhuru ng'ombe wanaoila. Plambago itakupa uzio mzuri pasipo madhara hayo.

Naweza kumwagilia maua kwa maji ya kufulia?

Maji ya suuza ya mwisho yanafaa, yakimwagwa udongoni bila kugusa majani. Yale ya kwanza, yenye povu la sabuni ya unga, yana chumvi za sodiamu zinazoufanya udongo kuwa mgumu na kuunguza ncha za majani, na yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatumie kabisa. Hata maji ya suuza, yabadilishe na maji safi mara moja kwa wiki.