Maziwa yananivujia kikaoni

*Shangazi, shikamoo. Ni meneja wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa korosho huku Tandahimba, nina watoto watatu, mdogo ana miezi mitano. Msimu huu natoka alfajiri, nasubiri hadi gunia la mwisho lipimwe, narudi saa tatu usiku. Juzi maziwa yalilowesha kitenge mbele ya bodi, mjumbe mmoja akasema, "Si akalee kwanza." Mume wangu ananuna. Najifungia chooni kulia. Nijiuzulu?*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza, katikati ya msimu wa korosho mtu haamui jambo kubwa hivyo. Ghala likiwa tupu na umelala usingizi wa kushiba, jiulize tena.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kinachokuchelewesha. Uongozi haumo. Ni mizani. Karani unaye, mtunza ghala unaye, bado unasimama pale mpaka giza. Sababu naijua hata kama hukuiandika: kilo zikipungua mikononi mwa mwanamume huitwa unyaufu, mikononi mwako zitaitwa wizi. Basi jilinde kwa karatasi, miguu ipumzike. Bodi ipitishe saa ya kufunga mizani, karani na mkulima wasaini daftari kila mzigo, wewe ukague asubuhi.

Na yule mjumbe mjibu kwa barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mtoto. Huombi hisani. Taja muda unaoutaka, nakala ibaki kwako. Mtoto aletwe ofisini, au ukamue, anywe kwa kikombe.

Mumeo ananuna, sawa, lakini hujasema kama umewahi kumwambia awaogeshe watoto wale wakubwa. Mwambie, ukiitaja kazi yenyewe na saa yake. Akikaidi, kwa Wamakonde mjomba bado ana sauti. Mwite aje anywe chai.

Kilio cha chooni ndicho kilichonikosesha raha. Kama kimezidi wiki mbili, au mtoto analala nawe unakodoa macho darini, usikiite uchovu wa msimu. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki kupima uzito, mwambie muuguzi habari zako pia. Wengi wetu tulikaa kwenye lile benchi tukijibu "hatujambo" huku tukizama, mimi nikiwemo.

Niandikie bodi ikikujibu.